MAUA YA KUNING'INIZA: MVUA ILINYESHA, YAKAFA KWA KIU

 Nina deni. Deni la pesa nimekwisha kulipa, bado la maelezo. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, "Yale maua ya mwaka jana yalikwenda wapi?" Leo nimeamua kushika kalamu niwaeleze, kisha niwafunze nilichofunzwa, ili asitokee mwingine wa kuanguka shimo lile lile.

Ilikuwa hivi. Nilipokuwa Kidato cha Pili chama chetu kilitaka kupamba varanda ya ukumbi kwa ajili ya siku ya kutuza wanafunzi. Tulichanga shilingi 2,400 za vikapu vinane vya maua ya kuning'iniza, yaani shilingi 300 kila kimoja. Mimi ndiye niliyetumwa kwa wauza miche wa kando ya barabara, hapa mjini Machakos. Nikachagua ua liitwalo impatiensi, lililochanua kuliko yote: mekundu, ya waridi na meupe. Jumatano jioni tukayatundika kwenye misumari chini ya paa la varanda. Alhamisi shule ikafungwa, likizo fupi ya katikati ya muhula. Mwalimu mlezi akaniuliza, "Na maji je?" Nikamjibu bila wasiwasi, "Mwalimu, mawingu hayo hapo. Mvua itanyesha."

Na kweli ikanyesha! Usiku wa Jumamosi mabati ya kwetu yalipiga kelele hata mtu hasikii anachoambiwa. Nikajifunika blanketi nikifurahi, najua huko shuleni maua yanakunywa bure. Jumatatu nikafika shuleni wa kwanza. Uwanja ulikuwa tope tupu, lakini vikapu, lahaula! Nilipokigusa kimoja kikabembea chepesi kama kofia. Mashina yalikuwa yamelala kama sukuma wiki iliyochemshwa. Kumbe lile paa linalotukinga sisi tusinyeshewe liliyakinga maua vile vile. Mvua yote ilipita nusu mita tu mbele yake.

Sita yalikufa kabisa. Siku ya tuzo varanda ilikuwa na misumari minane na vikapu viwili vilivyonyongea. Wenzangu hawakunigombeza, na kunyamaza kwao kuliniuma zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini wahenga hao hao walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikavichukua vile viwili, nikapanda navyo matatu hadi kwa nyanya yangu anayeishi milima ya Mua, ambako ua hili humea chini ya mparachichi wake kama magugu.

Nyanya alivitazama, akatikisa kichwa, akaniambia, "Mjukuu wangu, mmea wa ardhini ukiona kiu huteremsha mizizi kutafuta maji chini. Huu umeuning'iniza hewani. Chini yake iko wapi?" Nikakosa jibu. Akasema, "Basi ujue, chini yake ni wewe."

Ndugu msomaji, somo lote la leo ni hilo moja. Yafuatayo ni maelezo yake.

UA HILI NI LA NANI?

Watu wengi hudhani maua ya mapambo yote yametoka Ulaya. La hasha! Hili ni letu. Asili yake ni Afrika Mashariki, kutoka Kenya hadi Msumbiji, kwenye vivuli vya misitu na kando ya vijito. Jina lake la kitaalamu ni Impatiens walleriana. Neno la kwanza ni la Kilatini, maana yake "asiye na subira", kwa sababu kibofu cha mbegu kikikomaa hupasuka kikiguswa tu na kurusha mbegu mbali. Neno la pili ni kwa heshima ya Horace Waller, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi upande wa mto Zambezi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1868 na Joseph Dalton Hooker, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew, London.

Kisha likatokea jambo la kufurahisha sisi wapenzi wa Kiswahili. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka Kew mmea wa namna hii, na mwaka 1882 Hooker akauita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye wataalamu wakatambua kwamba huo ni mmea ule ule wa 1868, na kwa desturi yao jina lililotangulia likashinda. Sultani akavuliwa taji. Katika miaka ya 1960, Mmarekani aitwaye Claude Hope aliyekuwa akiishi Kosta Rika alizalisha aina fupi zenye matawi mengi, na ndipo ua hili likaenea vikapuni na bustanini duniani kote.

Kwa nini historia hii? Kwa sababu inatueleza tabia ya mmea. Umezaliwa kivulini, karibu na maji. Shina lake lenyewe limejaa maji, ukilikamua linachuruzika. Sasa wewe umtoe mtoto wa kijito, umtundike hewani penye jua la Machakos, halafu umwambie asubiri mvua. Ndivyo nilivyofanya mimi!

HATUA KWA HATUA

1. Kikapu. Si lazima kununua. Mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, karai lililotoboka, au kikapu cha waya, vyote vyafaa. Upana uwe kama sentimita 30, kwani kilicho kidogo hukauka upesi. Mkebe utoboe matundu matano au sita chini ili maji ya ziada yatoke. Cha waya kitandike gunia kuukuu ndani ili udongo usimwagike. Kifunge kwa waya tatu zilizo sawa, kisinge upande. Na msumari au ndoano iwe madhubuti, maana udongo uliolowa ni mzito na chini hapo hupita vichwa vya watu.

2. Udongo. Usichimbe udongo mtupu wa shambani ukaujaza kikapuni. Hushikana ukawa kama tofali. Nyanya hupima kwa mkebe mmoja: mikebe miwili ya mboji au udongo mweusi wa chini ya miti, mkebe mmoja wa samadi iliyooza vizuri, na mkebe mmoja wa mchanga wa mtoni. Samadi mbichi ni hatari, huunguza mizizi. Utajuaje imeoza? Hainuki tena, na ukiishika haina joto.

3. Kupata miche. Hapa ndipo nilipolipia deni langu. Kutoka vile vikapu viwili vilivyopona tulipata miche zaidi ya 30 bila kununua hata mmoja. Kata ncha ya tawi lisilo na ua, urefu wa sentimita 8 hivi, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, acha ya juu mawili matatu. Tia kwenye gilasi ya maji, au kwenye mchanga uliolowa, uweke kivulini. Maji yabadilishe kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe kama nyuzi. Usingoje iwe mirefu sana. Ikifika sentimita 2 au 3 pandikiza.

Mbegu nazo huota, ila zataka uvumilivu kwa sababu ni ndogo mno. Zinyunyize juu ya udongo laini, usizifukie, kwa kuwa zahitaji mwanga ili ziote. Penye joto la nyuzi 21 hadi 24 huota kwa wiki mbili au tatu. Udongo usikauke hata siku moja katika muda huo.

4. Kupanda. Jaza udongo, lakini acha nafasi ya vidole viwili juu. Ukijaza hadi ukingoni, maji yatateleza nje kabla ya kuingia. Kikapu cha sentimita 30 kinatosha miche minne au mitano: mmoja katikati, mingine pembeni ikiegemea nje kidogo. Mwagilia, kisha ukiweke kivulini chini kwa wiki moja ndipo ukitundike.

5. Mahali pa kutundika. Jua la asubuhi hadi saa tatu au saa nne halina neno. Jua la alasiri ndilo adui. Varanda yetu inatazama magharibi, na ukuta wake hupata moto hata ukiugusa saa kumi unashtuka. Maua yalikuwa yakichomwa na jua mbele na ukuta nyuma, kama mkate wa mayai. Sasa tumeyahamishia upande wa mashariki. Penye upepo mwingi napo si pazuri, kwa sababu upepo hunyonya maji ya majani. Tena usitundike juu kupita kiasi. Kikapu usichokifikia kwa mkono hutakimwagilia, utakisalimia tu kwa macho.

MAJI: HAPA TUKAE KIDOGO

Katika somo la Biolojia tumejifunza kwamba mmea hupoteza maji kupitia vijitundu vya majani. Mmea wa kikapuni una hasara mara mbili, kwani hata udongo wake unapigwa na hewa juu, chini na pembeni. Kwa hiyo ratiba ya shamba haifai. Siku za joto kikapu hutaka maji kila siku, na cha waya pengine mara mbili.

Utajuaje kina kiu? Nyanya alinifunza vipimo viwili. Cha kwanza ni kidole: ingiza hadi kiungo cha kwanza, kikitoka kikavu, mwagilia. Cha pili ni kiganja: kiinue kikapu kwa chini. Kikiwa chepesi kina kiu, kikiwa kizito kiache. Baada ya siku chache mkono wako utajua wenyewe.

Usitazame majani peke yake. Impatiensi hulegea ikikosa maji, lakini hulegea pia mizizi ikioza kwa maji mengi. Mtu akiona imelala hukimbilia ndoo, kumbe anaizamisha. Shika udongo kwanza. Ukiwa umelowa na majani ni ya manjano, punguza maji na uzibue matundu ya chini.

Mwagilia asubuhi kabla ya masomo, kwenye udongo si juu ya majani, polepole hadi uone maji yanatona chini. Udongo ukiwa umekauka kabisa hunywea na kuachana na ukuta wa mkebe. Ukimimina, maji hupita pembeni na kutoka chini upesi, nawe unadhani umeshiba. Haujanywa tone! Dawa yake ni kukiteremsha kikapu na kukiketisha ndani ya karai la maji kwa nusu saa. Ndivyo nyanya alivyoviokoa vile viwili. Tuliviketisha saa nne asubuhi, na kufikia alasiri kimoja kilikuwa kimesimama wima. Nilitamani kulia.

HESABU YA MAMA

Niliporudi nyumbani na miche yangu, mama alinitazama kwa jicho la pembeni. "We mtoto, mtungi wa lita 20 tunanunua, nawe unanyweshea maua? Maua yanaliwa?" Sikubishana naye, maana ana haki. Nilichukua daftari nikapiga hesabu. Nilikuwa nimepima kwa chupa, nikaona kikapu kimoja cha mkebe hunywa karibu lita 1 kwa siku ya joto. Vikapu vinane ni lita 8 kwa siku, lita 56 kwa wiki. Hiyo ni karibu mitungi mitatu! Kwa nyumba yetu hilo ni jambo zito.

Basi tukapatana hivi, na hata wewe unaweza kufanya:

(a) Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yasimwagwe. Yanafaa kabisa kwa maua. Ya sabuni ya unga na ya chumvi usitumie.

(b) Juu ya udongo tandaza nyasi kavu au majani makavu, unene wa kidole kimoja, ili jua lisiupige udongo moja kwa moja.

(c) Tundika kikapu kimoja juu ya kingine, au juu ya mkebe wa dania. Yanayotona juu yanywe wa chini.

(d) Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kifuniko tundu dogo kwa sindano, ijaze maji, uichomeke kichwa chini ndani ya udongo. Itadondosha kidogo kidogo. Hii ni ya siku moja au mbili za kutokuwapo, si ya likizo nzima.

Tangu tuanze hivyo, maji ya mtungini tunayotumia kwa maua ni kidogo sana. Mama mwenyewe siku hizi huweka kando maji ya mchele kabla sijamwomba. Haba na haba hujaza kibaba.

MBOLEA, KUKATA NCHA NA MAGONJWA

Kumwagilia kila siku huosha chakula cha udongoni, kwa hiyo mmea hudai kuongezwa. Loweka samadi iliyooza kwenye ndoo kwa wiki moja, chuja, changanya na maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi, kisha mpe kila baada ya wiki mbili. Usizidishe. Mbolea nyingi huleta majani mengi na maua machache.

Miche ikifika sentimita 10 kata ncha zake kwa kucha. Utaona uchungu, lakini kila ncha moja uliyokata huzaa matawi mawili, na kikapu hujaa. Ncha hizo usitupe, ni miche mingine. Maua makuukuu hayana kazi, huanguka yenyewe. Kizungushe kikapu kila wiki ili pande zote zipate mwanga.

Wadudu ni vidukari na utitiri. Chungulia chini ya majani. Ukiwaona mapema, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza.

Ugonjwa mbaya kuliko yote ni ubwiri. Majani huanza kupauka na kukunjika ukingo, chini yake kuna unga mweupe kama sukari laini, halafu majani na maua huanguka yakabaki mashina matupu. Ulionekana Uingereza mwaka 2003, na kufikia 2012 ulikuwa umeangamiza bustani nyingi za Marekani, hata watu wakaacha kupanda ua hili. Mkulima wa nyumbani hana tiba yake. Ng'oa mmea wote na uchome, usiutie kwenye mboji, wala usirudishe impatiensi kwenye udongo ule ule. Kinga ni kuacha nafasi kati ya vikapu hewa ipite, na kutolaza majani yakiwa yamelowa. Wataalamu wamezalisha aina zinazostahimili ubwiri, na mojawapo huuzwa ng'ambo kwa jina la Imara. Naam, neno letu hilo hilo! Ua lililopewa jina la Sultani wa Zanzibar sasa lauzwa kwa jina la Kiswahili.

TAMATI

Ndugu zangu, leo misumari minane ya varanda ina vikapu saba. Cha nane kilioza mwezi wa tano, nilizidisha maji kwa woga. Pesa za chama nimezirudisha kwa kuuza miche, shilingi 30 kila mmoja, na mweka hazina anayo risiti.

Lakini nina ombi kwa kamati itakayotupokea mwakani. Mbele ya kila likizo, andikeni zamu ya maji na kuibandika mlangoni, jina la mtu na siku yake. Sisi ni wa kutwa, twakaa karibu, hatuna kisingizio. Asiyekubali zamu asipewe kikapu. Na mtu akisema, "Mvua itanyesha," mwonyesheni paa.

Nakomea hapo. 

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini vikapu vya varandani vilikauka ijapokuwa mvua ilinyesha?
2. Taja sababu mbili zinazoweza kuifanya impatiensi ilegee. Utazitofautishaje?
3. Una vikapu vitano, kila kimoja kinahitaji lita 1 kwa siku. Nyumbani mnapata lita 3 za maji ya mchele na mboga kila siku. Utahitaji lita ngapi za mtungini kwa wiki moja?
4. Eleza maana ya "chini yake ni wewe" kwa kutumia mfano mwingine kutoka maisha ya shule.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.